Majina Kwenye Kifuniko

Kifuniko cha sanduku la ngoma nilikipaka mimi,
rangi nyeusi iliyobaki ya mlango wa gereji,
majina kwa rangi nyeupe, kwa brashi ya wanja
maana nyingine hatukuwa nayo.
Bakersfield, Machi ya sitini na saba.
Orrin. Wendell. Lyle. Cleto.
Yakaenea, nafasi ikabaki,
nikachora ua moja la rangi ya chungwa pembeni.
Chini yake: Vumbi la Kern.

Wenye kofia pana walituita mahipi.
Mahipi wa Los Angeles walituita washamba.
Wendell ameinamia gitaa lake la chuma, lile la kulazwa,
analiliza taratibu kama anayebembeleza deni,
na Cleto nyuma yake anapiga
kama mtu anayevunja mlango.
Nani aliwahi kusikia hivyo viwili chumba kimoja?
Oildale, chupa ilimpata Lyle hapa, juu ya nyusi.
Akamaliza wimbo, damu inadondokea besi,
akaenda kushonwa,
asirudi.
Visima vya mafuta vilimpa mshahara na bima ya meno.
Nikafuta Lyle. Nikaandika Thurman.

Thurman alidumu miezi mitano; alitaka tupunguze huzuni.
Nikaandika Delphine, aliyekuja na fidla ndani ya foronya.
Nikaandika Royce.
Royce akaoa, akaja Royce mwingine:
safari hiyo rangi sikuipoteza,
niliongeza nukta tu, ili tujue.

Cleto alichukuliwa na jeshi.
Lake sikuligusa.
Kijana aliyekalia kiti chake, Ambrose, mtoto wa mchungaji wa Delano,
alipiga miaka miwili bila jina
wala hakuuliza.
Kisha usiku mmoja, baada ya ile simu ya mama yake Cleto,
alichukua brashi mwenyewe
akajiandika chini, herufi ndogo ndogo,
kama mtu aliyeketi kwenye ngazi za nyumba ya mwenzake.

Wendell alifuata bendi yenye basi na kampuni ya santuri.
Aliondoka na sauti yetu kwenye buti ya Chevrolet.
Mwaka uliofuata niliisikia redioni, nikiwa foleni ya petroli,
mtangazaji anasema ni mambo mapya kabisa.
Nikacheka hadi wa nyuma akapiga honi.

Na Orrin.
Haya, niseme.
Alisema nyimbo zake zimemchosha,
na mimi nilikuwa ndani ya nyimbo.
Tulsa, alisema, kama mtu anayekwenda dukani.
Nilimfuta kwa mkono wangu, tabaka tatu,
nyeusi juu ya nyeusi juu ya nyeusi,
na bado kwenye mwanga wa pembeni O yake
inachungulia, duara, kama kikombe kilichoacha alama mezani.

Gari likabaki kwangu. Daftari la madeni likabaki kwangu.
Ijumaa ikija, watu Fresno wamelipa viingilio,
utawaambia nini?
Nikatafuta mwimbaji. Nikatafuta mwingine.

Sabini na tisa, maonyesho ya kaunti, harufu ya ng'ombe na sukari ya kuungua.
Kijana wa besi, Kip, wiki ya kwanza na sisi,
alikuwa darasa la kwanza tulipoanza,
anafunga nyuzi huku ananitazama:
"Bi Verlene, kati yetu hapa,
Vumbi la Kern lenyewe ni nani?"

Nilimshika mkono nikauweka juu ya kifuniko.
Rangi pale imekuwa nene kama ganda la mkate.
Kidole chake kikatembea, kikapanda, kikashuka,
kikakwama kwenye mkia wa Y.
"Hii ni nini?"
Nikamwambia akaze nyuzi, wanatungoja.

Alipouondoa mkono, ncha ya kidole ilikuwa nyeupe.
Jina lake lilikuwa bado halijakauka.
Akajifuta kwenye suruali,
akapanda jukwaani.